Bruxelles: chai ya asubuhi ya hoteli, na tramu 44 mupaka Tervuren

Watu wa Kivu, Ituri, Tshopo na Maniema wanaofika Bruxelles, wengi wao hawaende kwa matembezi. Mumoja ameitwa kwa semina ya siku tano, mwingine anasindikiza mugonjwa, mwingine anaenda kuona binti yake aliyeolewa kule. Anapewa hoteli, anapewa karatasi ya kuonyesha kwenye mapokezi, kiisha anabaki peke yake na maswali mawili: asubuhi ninakula wapi, na ninatoka hapa namna gani?

Ukurasa huu unajibu maswali yale mawili. Unaeleza pia njia moja ya tramu, namba 44, ambayo Mukongomani anayefika muji ule angefaa kuipanda hata mara moja tu, juu kwenye mwisho wake kuko makaburi ya watu saba waliotoka kwetu mu mwaka 1897 na hawakurudi.

Soma karatasi ya hoteli mbele ya kulala

Kwenye karatasi ya hoteli tafuta maneno «petit-déjeuner compris». Kama yako pale, chai ya asubuhi imekwisha kulipwa pamoja na chumba. Kama hayako, ujue kwamba ukiingia tu mu sale ya kulia watakuandikia deni, na utalikuta kwenye fakitire siku ya kutoka. Bei inaweza kuanza ku euro 10 na kupita 20 kwa mutu mumoja, kila asubuhi. Kwa siku tano, ile ni makuta ya kununua simu. Basi uliza magaribi ile ile unapofika, hata kama umechoka na safari. Uliza pia juu ya kodi ya muji ambayo hoteli za Bruxelles zinaomba kwa kila usiku: fasi zingine iko ndani ya bei, fasi zingine inalipwa pembeni.

Hoteli nyingi zinafungua sale ya chai saa 6:30 ao 7:00 na kuifunga saa 10:00. Siku ya posho na siku ya yenga wanachelewa kidogo. Hapa mutu wetu awe na akili: 10:00 yao ni saa ine ya asubuhi kwa hesabu yetu. Mwenzangu mumoja wa semina, mutu wa Kalemie, alisoma 10:00 akaelewa saa kumi, akashuka saa tano na njaa yake yote. Alikuta wanapangusa.

Kuko tena jambo la saa yenyewe. Wakati wa joto, kutoka mwisho wa mwezi wa tatu mupaka mwisho wa mwezi wa kumi, saa ya Bruxelles na saa ya Goma, Bukavu ao Bunia ni moja. Wakati wa baridi, Bruxelles inabaki nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Kinshasa. Mimi nilifika mwezi wa kumi na moja. Mwili uliniamusha saa kumi na moja ya alfajiri ya kule, nikaoga, nikavaa, nikashuka, nikakuta mulango umefungwa na inje ni giza kabisa. Mu mwezi ule jua linatoka karibu saa mbili ya asubuhi. Nilirudi kukaa juu ya kitanda na viatu vyangu miguuni.

Hapa mutu anajipakulia

Sale ya chai iko na meza ndefu ambapo vitu vyote vimepangwa. Anayesimama mulangoni anauliza tu namba ya chumba. Nyuma ya pale, kazi ni yako. Asubuhi yangu ya kwanza sikujua. Nilikaa pembeni ya dirisha, mikono juu ya magoti, nikingoja mutu aje kuniuliza nitakunywa nini. Nilingoja karibu dakika makumi mbili. Wazungu walikuwa wanapita na sahani zao, wananisalimia kwa kichwa. Mama mumoja aliyekuwa anafuta meza akanisogelea, akaniangalia uso, akasema kwa Kiswahili cha Bukavu:

— Mwana wangu, unangoja nani?

— Ninangoja waniletee chai, mama.

— Huku hawaletee mutu. Simama, beba sahani, ujipakulie. Ukimaliza urudi tena, hakuna atakayekuuliza.

Sikuuliza jina lake siku ile, na sitaliandika hapa juu yuko kazini. Lakini nusu ya mambo ya ukurasa huu nilifundishwa na yeye.

Mikate iko aina mingi. Ile ndogo ya duara, ngumu inje na laini ndani, wanaita pistolet. Croissant mutu wetu anaijua, hata Goma inapatikana. Ile yenye chokoleti ndani, ambayo Wafaransa wanaita pain au chocolat, watu wa Bruxelles wanaita couque au chocolat. Kuko biskuti ya speculoos, ambayo mdalasini unasikika ndani, na paste yake ya kupaka juu ya mukate. Kuko pia sirop de Liège, nyeusi na nzito kama asali ya pori, inayopikwa na matunda ya pera na tufaha mupaka igande. Fromaji inakuja kwa vipande vyembamba. Mutu aliyezoea fromaji ya Masisi atafurahi kuiona, lakini asitazamie ladha ile.

Mayai mara mingi ni ya kuchemsha. Nyama ya baridi, ile laini ya rangi ya waridi wanayoita jambon, ni nguruwe. Saucisson nayo mara mingi ni vile vile. Ndugu zetu Waislamu na Waadventista waulize mbele ya kupakua, hakuna haya.

Chai ya maziwa iliyopikwa na tangawizi, kama ile tunakunywa asubuhi mu Goma, hautaipata. Watakupa maji ya moto, kamufuko ka majani, na maziwa baridi pembeni. Kahawa inatoka ku mashini, unabonyeza. Kahawa yetu ya Kivu inavuka bahari na kuuzwa Ulaya, lakini hakuna mutu atakayekuambia kama ni yenyewe iko ndani ya mashini ile.

Kula vizuri, juu chakula cha saa sita mu muji ule ni bei. Tunda moja la kubeba mukononi, hakuna hoteli itakayokugombeza, lakini kufunga mikate sita ndani ya serviete na kuitia mu sakoshi ni jambo linaloleta haya, na niliona mutu anaambiwa aitoe. Kama utatoka mbele ya saa ya kufungua, kwa mufano kufuata ndege, sema kwa mapokezi siku mbele. Hoteli nyingi zitakufungia mukate na tunda.

Kama chai haiko ndani ya bei, usilale njaa. Bulanjeri za mu kartie zinafungua mapema na mukate ni bei ndogo kuliko ile ya hoteli. Na kama roho inataka kitu cha nyumbani, enda Matonge, mu komini ya Ixelles, karibu na Porte de Namur. Jina lilitoka kwa Matonge ya Kinshasa. Mu Chaussée de Wavre na mu galeri yake utakuta sombe, samaki wa chumvi, unga wa mihogo, na mutu wa kukusukia kichwa. Lakini usiende saa moja ya asubuhi, juu maduka yale hayaamuke mapema. Pale pale Porte de Namur, tangu tarehe 30 mwezi wa 6, 2018, kuko fasi iliyopewa jina la Patrice Lumumba. Ni kafasi kadogo tu, lakini jina limeandikwa.

Kulipa tramu, na kuikwepa

Kwa asiyeijua, tramu ni gari ndefu linalotembea juu ya reli zilizolazwa ndani ya barabara, na linakamata umeme ku waya wa juu. Mu Bruxelles tramu ya kwanza ilivutwa na farasi. Ilianza tarehe 1 mwezi wa 5, 1869, kutoka Porte de Namur mupaka Bois de la Cambre. Ni kusema ilitokea pale pale tulipoongelea sombe. Tramu za umeme zilianza 1894. Leo kampuni ya muji, STIB kwa Kifaransa na MIVB kwa Kiflama, inaendesha tramu, basi na metro pamoja, na tiketi ni moja kwa zote tatu.

Dereva hauzishe tiketi. Amefungwa mu kachumba kake ka vioo, na hakuna konvoyeri wa kupiga kelele «Birere, Birere, moja ya mwisho!» Unalipa na kadi ya benki, ile ya kugusisha: karibu na mulango kuko kamashini, unaiweka pale, inakubali, imeisha. Safari moja ni kati ya euro 2 na 3. Asiye na kadi anunue tiketi ku mashini kubwa za vituo vya metro, zinazopokea na sarafu. Airtel Money, M-Pesa na Orange Money hazijulikane kule. Kadi moja ni ya mutu mumoja. Hauwezi kuigusisha mara mbili kusudi ulipie na bibi yako.

Tiketi iko na dakika 60. Ndani ya dakika zile unaweza kushuka tramu, kupanda basi, kushuka, kupanda tramu ingine. Lakini kila unapopanda gari jipya unapashwa kugusisha tena kadi ile ile. Ni hapa wageni wetu wengi wanaangukia. Wanafikiri wakigusisha mara ya pili watakatwa makuta mara ya pili, basi wanaacha, wanakaa, wanaangalia dirishani. Kontroleri akiingia, yeye hajue kama ulilipa ku tramu ya kwanza. Anaona tu kwamba mu gari hili haukugusisha. Amande inapita euro 100. Dakika 60 zikiwa hazijaisha, mashini haikate tena. Gusisha bila woga.

Milango haijifungue yenyewe kila mara: kuko kabutoni, bonyeza. Ndani, mbele ya kituo chako, bonyeza ingine kusudi dereva asimame. Majina ya vituo yameandikwa kwa luga mbili, Kifaransa na Kiflama, na hii inachanganya watu. Gare du Midi na Zuidstation ni kituo kimoja. Porte de Namur na Naamsepoort vile vile. Mutu wa semina yetu alishuka mbele ya kituo chake juu aliona jina hajawahi kulisikia, akafikiri amepotea.

Jambo kubwa ni hili. Mu Bruxelles, ukiweka mguu ku mistari nyeupe ya kuvukia, gari zinasimama, na mutu anazoea haraka, anaanza kuvuka bila kuangalia. Tramu haisimame. Sheria ya Ubelgiji inaipa tramu haki ya kupita mbele ya mutu wa miguu, hata ku mistari nyeupe. Iko nzito, breki zake zinaomba nafasi ndefu, na haina namna ya kukwepa kama motari wa kwetu anavyokwepa shimo. Inapiga kengele tu. Ukisikia kengele, rudi nyuma. Toa na vile vya kusikilizia muziki mu masikio.

Kuko watu wanaosema tramu ni kitu cha Wazungu, sisi hatuhusike. Lakini reli zetu zimetoka ku mukono ule ule. Édouard Empain, tajiri Mubelgiji wa mambo ya tramu, ambaye kampuni yake ilijenga metro ya Paris iliyofunguliwa 1900, ndiye aliyeanzisha CFL mu 1902, kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makubwa. CFL ndiyo iliyojenga reli ya Kisangani–Ubundu, iliyofunguliwa 1906 wakati miji ile ikiitwa Stanleyville na Ponthierville. Ndiyo ilijenga Kindu–Kongolo. Na ndiyo ilifikisha reli ya Kabalo ku ziwa Tanganyika, Kalemie, mu 1915. Na wazee wa Isiro wanajua Vicicongo, iliyoanzishwa 1924 na iliyofika Mungbere 1937. Jina lile linatoka kwa «vicinaux», vile Wabelgiji walivyoita reli ndogo na tramu zao za vijijini. Za kwao walizibadilisha mara mingi. Za kwetu, majani yameota juu ya nyingi.

Tramu 44

Siku ya tano, wakati wa chai, mama yule aliniuliza nitafanya nini kesho, siku ya posho, juu semina imeisha na ndege ni ya yenga.

— Nitalala, mama.

— Utalala kwenu. Panda quarante-quatre, enda Tervuren. Kule kuko wetu saba, na hawapate wageni wengi.

Nilifikiri anasema juu ya familia yake.

Njia iko rahisi. Kutoka Matonge unashuka na Chaussée d'Ixelles mupaka place Flagey, kwa miguu ao na basi 71. Pale unapanda tramu 81, upande wa Montgomery. Mbele ya kufika Montgomery, ku kituo cha Merode, angalia matao matatu makubwa ya mawe, ya Cinquantenaire. Yalimalizika 1905, wakati wa mufalme Léopold II, na makuta ya Kongo yaliingia mu kazi ile. Tangu 1885 mupaka 1908 Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali yake mwenyewe, na watu walikuwa wanalazimishwa kukata mpira na kutoa pembe za tembo. Watu wanapiga foto pale kila siku.

Ku Montgomery unashuka chini ya ardhi na kupanda 44. Inatoka chini, inafuata Avenue de Tervueren, barabara pana yenye miti pande zote mbili. Inapita nyumba za matajiri, inapita park ya Woluwe na maziwa yake madogo, inapita mbele ya Musée du Tram ambapo wametunza tramu za zamani, kiisha inaingia mu pori la Soignes. Mimi nimepanda gari mingi mu maisha, lakini kupita ndani ya pori na tramu ilikuwa mara ya kwanza. Miti mirefu, majani ya rangi ya kahawia yanaanguka juu ya reli, na ndani ya gari watu wanasoma simu zao. Nyuma ya karibu dakika makumi mbili unafika mwisho. Kuanzia pale uko mu upande wa Waflama, maandiko ni Kiflama tu.

Barabara ile na reli ile vilijengwa juu yetu. Mu 1897 Bruxelles ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Sehemu moja ilikuwa Cinquantenaire, na sehemu ya Kongo Léopold II aliiweka Tervuren, umbali wa karibu kilometre 10. Kusudi watu wafike, alikatisha avenue na tramu ikalazwa. Zaidi ya watu milioni moja walikuja kuona. Walionyeshwa pembe, mpira, kahawa, vitambaa. Walionyeshwa pia Wakongomani 267, wanaume, wanawake na watoto, walioletwa na meli mupaka Antwerpen.

Mchana waliwekwa mu vijiji vya kutengenezwa, pembeni ya maji ya park, wapike, wacheze ngoma, wapige kasia, na Wazungu wanaangalia nyuma ya kizuizi. Usiku walilala mu mazizi ya farasi ya mufalme. Mwaka ule kipindi cha joto kilikuwa cha baridi na mvua. Mwandishi wa historia Adam Hochschild anaeleza kwamba wageni walikuwa wanawatupia bonbon, wengine wakauguwa tumbo, na pale Léopold akaamuru kuwekwa kibao cha kujulisha watu kwamba weusi wanalishwa na kamati ya maonyesho. Habari ile niliisoma ku simu, ndani ya 44, tumbo likiwa limejaa couque za hoteli. Nilizima simu.

Saba walikufa pale, kwa baridi na magonjwa ya mapafu. Kwanza walizikwa mu udongo usiobarikiwa. Mu 1953 makaburi yao yaliwekwa pembeni ya kanisa la Mutakatifu Yohana Mwinjilisti, katikati ya muji mudogo wa Tervuren. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Kutoka ku mwisho wa tramu mupaka kanisani ni dakika chache kwa miguu. Uliza «kerk», kila mutu ataonyesha. Usiingie ndani, zunguka inje, kandokando ya ukuta. Utaona mawe saba yamelala mu mustari, kila moja na jina. Hakuna mutu wa kuomba makuta, hakuna mulango wa kufungua. Nilipofika, mwanamuke mumoja Mubelgiji alikuwa anapita na kambwa kake. Aliniona nimesimama, akapunguza mwendo, akasema bonjour pole pole, akaenda. Ku jiwe moja kulikuwa maua yaliyokauka. Nilitafuta mu mifuko nikakuta ndizi niliyobeba ku hoteli. Sikuiacha pale, niliona ni vibaya. Nilisoma majina saba kwa sauti, mara moja, kiisha nikakaa kidogo.

Ukiwa na wakati, ingia pia ku AfricaMuseum, upande wa pili wa park. Iliota ku maonyesho yale ya 1897. Nyumba kubwa ya leo, iliyochorwa na Mufaransa Charles Girault, ilifunguliwa 1910. Ilifungwa mwisho wa 2013 kwa matengenezo, ikafunguliwa tena mwezi wa 12, 2018. Kuingia ni kulipa, na siku ya kwanza (Jumatatu) inafungwa. Ndani utakuta mutumbwi wa metre 22 na nusu uliochongwa ndani ya muti mumoja, na vitu vingine mingi vya kwetu ambavyo, mutu akiuliza vilifika namna gani, jibu halipendeze kila mara.

Kama uko na saa moja tu, tafuta ukumbi ulioandikwa ukutani majina ya Wabelgiji 1.508 waliokufa Kongo mbele ya 1908. Kwa miaka mingi majina yalikuwa yale tu. Musanii wa Kinshasa Freddy Tsimba aliandika ku vioo vya madirisha, mbele ya ukuta ule, majina ya wale saba wa kanisani. Jua likitoka, kivuli cha majina yetu kinaanguka juu ya majina yao. Siku yangu mawingu yalikuwa mazito. Mulinzi mumoja akaniambia ningoje. Nilingoja karibu nusu saa, jua likatoka dakika mbili hivi, nikaona «Samba» na nusu ya «Gemba», kiisha likafunikwa tena.

Asubuhi ya yenga nilimukuta mama ku sale ya chai. Hakuniuliza kama nilienda. Alinisogezea sahani ya mayai, akauliza:

— Kuko maua?

— Yamekauka, mama.

— Nitapita siku ya tatu, nikitoka kazi.

Kwa wanaorudi: tramu inaondokea ku kituo kile kile ulichoshukia, na kuelekea Montgomery ndiyo njia pekee, hauwezi kukosea. Dakika 60 za tiketi ya kuja zitakuwa zimeisha zamani, basi utalipa safari mupya. Wakati wa baridi toka mbele ya saa kumi ya jioni, juu saa kumi na moja ni giza, na pale kituoni upepo unatoka mu pori.